Nyoka wa Mjukuu Wangu na Dawa ya Jumamosi

Mshauri mpendwa, nakuja kwako kuomba msaada na sikuja kuchekwa, kwa hiyo kama unaisoma barua hii hewani na wale wenzako wa studio wanaokucheka nyuma ya mgongo wapo, watoe nje kwanza. Shule niliishia darasa la nne, mwandiko utausamehe, ila akili sikuiacha darasani. Nimefua na kupiga pasi shuka za hospitali miaka thelathini na moja, nimemzika mume, nimelea watoto sita, na juu yao nikalea mjukuu ambaye mama yake aliniachia akiwa na miaka mitatu akaenda kuolewa mbali, na huyo mjukuu ndiye aliyenifikisha hapa.

Ni fundi wa lifti, msichana, na kazi anaijua kuliko wanaume wanaompigia miluzi. Tunakaa wawili, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, na tunaitana mke mwenza kwa sababu marehemu babu yake alikuwa akimwita mchumba. Miaka miwili iliyopita alirudi kazini na nyoka ndani ya begi la spana, alimkuta kwenye shimo la lifti amelowa grisi, akamuosha, akampeleka kwa daktari wa mifugo, akaambiwa hana sumu, akakaa naye. Kisha akamletea mwenzake asiwe mpweke, halafu akawawekea kizuizi katikati ya sanduku lao la kioo maana kumbe nyoka hawapendi wageni. Nilimwambia, "Wa umri wako wanaleta wachumba nyumbani, wewe unaleta mikanda inayotembea." Akacheka, akasema wachumba hawakai walipowekwa. Mwenye nyumba hajui chochote, maana amekataza hata paka.

Sasa kazini kwao wamempeleka mji mwingine wiki tatu kufunga lifti katika jengo jipya. Kabla hajaondoka akanishika mikono akasema, "Bibi, hawa sina wa kumwachia ila wewe." Akabandika karatasi mlangoni kwake: badilisha maji kila baada ya siku mbili, tazama mfuniko umefungwa, soma kipimo cha joto, usipulize kitu chochote chenye harufu, wamekula vizuri hawatahitaji chakula mpaka nirudi, na ukishindwa mpigie mwenzangu wa kazi, namba hii hapa. Huyo mwenzake, kijana wa kiume aliyekuja kumbebea mabegi mpaka stendi, alikuwa amesimama palepale, akanitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Bibi, utawaweza kweli?" Nikamjibu, "Nimezalisha majirani wawili kwa mikono hii, nitashindwa na kamba mbili?" Wakacheka wote wawili, na mimi nikaona nimesema.

Mshauri, sikuwaweza. Siku ya kwanza niliingia na jagi la maji, yule mkubwa akainua kichwa akanitazama, si kutazama kwa mnyama, ni kutazama kwa mwalimu anayejua hukufanya kazi ya nyumbani, na miguu ikanirudisha sebuleni bila kuniuliza. Nikachukua shuka nene, ile ya hospitali niliyopewa siku ya kustaafu, nikafumba macho nikalitupia sanduku lote, taa yao ya joto iliyo juu ya mfuniko na kila kitu, na kizingitini nikapanga vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza wadudu, maana tangu utotoni nimesikia nyoka harufu ile hawaivuki. Nikafunga mlango. Leo ni siku ya tisa sijaufungua.

Na kila siku saa kumi na moja jioni akitoka kazini ananipigia. "Wamekunywa maji, mke mwenza?" Wamekunywa. "Joto liko sawa?" Liko sawa. Nimtumie picha? Simu yangu ni ya vitufe, namshukuru Mungu kwa hilo. Juzi akauliza kama yule mkubwa amejivua gamba, maana alikuwa karibu, na mimi badala ya kunyamaza nikasema amejivua, gamba limetoka zima kama soksi. Alivyofurahi. Akasema nimtunzie, anataka kuwaonyesha wenzake. Sasa niambie, gamba la nyoka nitalitoa wapi mimi.

Ningeweza kuvumilia hivyo hivyo mpaka arudi, lakini jana msimamizi wa jengo kabandika tangazo kwenye ngazi. Jumamosi asubuhi wanakuja watu wa kupuliza dawa ya mende, chumba kwa chumba, wapangaji wote tutoke mpaka jioni na milango yote ya ndani iachwe wazi. Nikamfuata nikamuuliza kwa upole, chumba kimoja kikirukwa je? Akasema, "Mama, mende hawajui kurukwa." Nikirudi kumwambia kuna nyoka, tunafukuzwa. Nikinyamaza, wanapuliziwa dawa ndani ya kioo. Kulibeba lile sanduku siwezi, hata ningekuwa na nguvu nisingelishika. Kumpigia yule kijana wa kazini ni kumpa kicheko cha mwaka mzima. Na kumwambia mjukuu ni kumwambia kwamba bibi yake, aliyemfundisha kwa fimbo kutosema uongo, amemdanganya siku tisa mfululizo asubuhi na jioni, jioni tu, asubuhi hapigi.

Silali. Nikipita mlangoni nasikiliza kama kuna kitu kinatembea, sisikii kitu, na sijui kama niombe nisikie au nisisikie. Tangu jana tena kuna harufu inapita chini ya mlango, kama pamba iliyokaliwa na pasi, nikasema ni jirani, watoto wa siku hizi hawajui kupiga pasi.

Barua hii nimeileta mwenyewe kwa miguu mpaka mapokezi yenu, leo Jumanne, maana posta sina muda nayo. Nijibu haraka, na usinizungushe kama ulivyomzungusha yule bwana wa wiki iliyopita aliyeuliza jambo dogo ukamrudisha mpaka utoto wake. Nifanyeje?

Mimi, Mke Mwenza wa ghorofa ya tatu.

JIBU LA MSHAURI

Bibi, shikamoo. Kabla sijasema neno lingine, inuka hapo ulipokaa, nenda kazime swichi ya ile taa ya nyoka ukutani, kisha urudi. Mlango ukiwa wa moto usiufungue, toka nje uite watu. Wasikilizaji watakusubiri, nami nitawawekea muziki kidogo.

Umerudi? Haya. Ile harufu si ya jirani. Umenusa pamba inayoungua miaka thelathini na moja, ukajua ni nini, kisha ukaikatalia pua yako mwenyewe kwa sababu kuikubali ni kufungua mlango. Shuka nene juu ya taa ya joto, mchana na usiku, siku tisa. Wewe unaogopa Jumamosi, na moto ulikuwa hauna mpango wa kungoja Jumamosi, wala usingeishia chumba kimoja. Kuna watu wamelala ghorofa ya nne hawajui kama uhai wao uko chini ya shuka yako ya kustaafu.

Mimi nyoka siwajui na siwapendi, kwa hiyo nilimpigia daktari wa mifugo kabla sijafungua mdomo. Vile vidonge vyeupe havimzuii nyoka kwenda popote, ila vinamtia sumu akivuta tu harufu yake. Dawa ya mende ndiyo kabisa, hata ikipuliziwa chumba cha pili inawafikia. Maji nayo, kwa joto lile uliloliziba, huenda yalikauka siku ya tatu.

Kwa hiyo sasa hivi, na si kesho: vaa glavu kama zitakupa moyo, okota vidonge vyote uvitupe nje, fungua dirisha, taa ikipoa vuta shuka. Mfuniko wa masanduku hayo huwa wa wavu wenye vibano, vitazame vimefungwa. Huna haja ya kumgusa yeyote mle ndani. Watazame kupitia kioo. Daktari anasema mwenye uhai utamwona ubavu unapanda na kushuka polepole, hivyo usikimbie baada ya sekunde moja ukasema amekufa. Ukiona mmoja hapumui, usiniletee ujanja wa kumtia kwenye mfuko wa taka na kusingizia dawa ya Jumamosi. Naijua akili iliyobuni gamba kama soksi, hiyo haishindwi na kitu.

Maji utayaacha mpaka afike kijana. Ndiyo, yule yule. Mpigie leo, akitoka kazini aje moja kwa moja. Acheke. Wewe uliyafua mashuka ya watu wakiwa katika hali wasizotaka hata mama zao wazione, na hukuwacheka, kwa hiyo unajua mtu akisaidiwa kwanza kicheko kinakwisha chenyewe. Atawapa maji, atasoma kipimo, ndipo taa iwashwe tena, bila kitu juu yake. Ijumaa mchana atawatia kila mmoja kwenye foronya yake. Umsaidie hapo, ziwe zimesuuzwa vizuri, hazina harufu ya sabuni, azifunge fundo mdomoni aziweke kwenye boksi lenye matundu, wakae kwake mpaka Jumatatu. Wakishapuliza, acheni madirisha wazi siku mbili, na sanduku lifutwe kwa maji matupu kabla hawajarudi. Mambo ya mwenye nyumba mwachie mjukuu. Ni mtu mzima, nyoka ni wake, na kuwaficha ni uamuzi wake, atakwenda kuujibia mwenyewe akirudi.

Sasa lile lililokuleta kwangu. Hukuja kwa sababu ya dawa, Bibi, dawa ungeipatia njia. Umekuja kwa sababu kuna binti mmoja duniani anayeamini hakuna kinachokushinda, na unaogopa akijua kipo atakutazama tofauti. Nami nakuambia bila kupamba: atakasirika. Ana haki. Amekukabidhi vitu viwili vyenye roho, ukamjibu kwa hadithi. Hasira hiyo uipokee, usimkatize, na usimkumbushe ulivyomlea, maana hapo utakuwa unamlipisha.

Kuogopa nyoka hakukuwa kosa. Nusu ya wanaonisikiliza sasa hivi wamepandisha miguu kwenye kiti. Kosa lako lilikuwa kukubali kazi mbele ya watu kwa ajili ya watu, kisha ukaifunga kwa ufunguo.

Kipindi hiki kinaisha saa kumi na nusu. Anapiga saa kumi na moja. Nusu saa inakutosha kwenda kuwaona kwa macho yako, ili utakalomwambia, liwe zuri au baya, liwe umeliona. Na leo usingoje simu iite wala usingoje aulize. Piga wewe.