Mtoto wa Apio Hachezi

Musawo wangu, daktari na mwalimu wangu,

Naandika ili mikono ipate kazi. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi hapa Busia, jua la mchana limeshanifikia miguuni, na ninamsubiri Apio, anayeletwa kwa bodaboda kutoka Buteba. Amenipigia simu sasa hivi, na siku hizi nami wananiita kwa cheo chako. "Musawo, mwili yangu iko moto sana, na mtoto hachezi tangu jana." Nimemwambia aje mara moja. Nimemwambia pia asiogope, na mimi mwenyewe naogopa kuliko yeye.

Apio humjui. Ndiye mama wa kwanza kupata chanjo yetu ya majaribio tangu ulipofariki, na aliyemchoma ni mimi, juzi. Anaishi na virusi vya UKIMWI, vidonge vyake anameza vizuri, ukimwona sokoni huwezi kujua. Mtoto wake wa kwanza aliugua akafa kabla hata hajapewa jina: yale yale maambukizi ya damu unayoyajua, ya vijidudu ambavyo mama hukaa navyo bila kuumwa, halafu vinamuua mtoto mchanga. Kwa hiyo nilipomweleza habari za chanjo, alikunja mkono wa gauni kabla sijamaliza. Nikamzuia. Nikamtaka anieleze yeye sasa, kana kwamba anamweleza mama mkwe wake, kama ulivyotufundisha. Akasema, "Mama, hii sindano si ya kutibu ugonjwa yangu. Ni ya kukinga mtoto. Wanaangalia kama inafanya kazi. Inaweza kukataa." Kisha akaongeza la kwake: "Na hata Musawo mwenyewe hajui."

Ungempenda, Musawo. Na kama nimemuua mtoto wake?

Tangu tulipokuzika kwenu Tororo, hakuna kilichokaa sawa. Ofisi yako wameipaka rangi. Vijana wa maabara bado wanashusha sauti wakipita mlangoni, utafikiri utatoka na kuwauliza kwa nini friji ya chanjo iliachwa wazi. Hayo navumilia. Kinachonitisha ni maneno ya watu. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, Busia zote mbili, yetu na ya Kenya, zilikuwa zinasema chanjo ndiyo iliyokuua, kwamba ulijichoma mwenyewe ukaanguka. Wewe! Wewe uliyekufa kwa presha, uliyekuwa ukiwagombeza wagonjwa wameze dawa huku zako zimesahaulika kwenye mkoba. Nawaeleza, wanaitikia kwa kichwa, na najua hawajaamini. Baadhi ya akina mama walioahidi kuja wamevuka mpaka, wanasema watajifungulia kwa dada zao.

Unakumbuka kule kanisani Lumino? Ulimwomba katekista atutangazie mkutano baada ya misa. Ulimwandikia vizuri kabisa: majaribio ya chanjo. Naye akasimama mbele na kutangaza kwa sauti ya injili kwamba Musawo anatafuta akina mama wajawazito wa kuingia majaribuni. Mama mmoja akanyanyuka, akafunga leso yake vizuri, akasema, "Kila Jumapili tunaomba Mungu asitutie majaribuni, leo Musawo anatuita tuingie kwa miguu yetu?" Akatoka, na wenzake wakamfuata. Ulicheka mpaka ukavua miwani. Mimi nilikuwa nataka ardhi inimeze.

Lakini kwenye gari ulikuwa umeacha kucheka. Ulisema katekista hajakosea sana. "Majaribu yapo, ila si ya akina mama. Ni yetu sisi. Siku moja utatamani sana chanjo iwe nzuri, mpaka macho yako yaone unachokitamani." Nilikuona unakuza mambo. Nilikuwa na njaa, nikawa nafikiria chapati.

Leo sina njaa. Maisha yako yote ya kazi ulipigania jambo moja: kila chanjo ilipimwa kwanza kwa wanawake wenye afya, wa mbali, na hawa wetu wenye mimba na virusi waliambiwa wasubiri. "Wasubiri nini? Mimba haisubiri!" Ulikuwa ukiyasema hayo kwenye mikutano ya wakubwa mpaka wanaangalia saa. Walipokubali hatimaye, ulikuwa umeshaota mvi. Na sasa kazi hiyo iko mikononi mwangu.

Nasikia pikipiki.

*

Jioni sasa. Ngoja nikueleze.

Alishuka ameshikwa na mumewe, na mama mkwe nyuma yake. Nilimlaza, nikaweka fetoskopu tumboni, nikainama kusikiliza moyo wa mtoto. Kimya. Nikaihamisha. Kimya. Mama mkwe hakuwa anaangalia tumbo, alikuwa anaangalia uso wangu. Musawo, nisamehe, hapo nilikukasirikia. Nilisema moyoni, kwa nini umeniacha peke yangu na watu hawa?

Chini, upande wa kushoto, nikausikia. Unakwenda mbio sana, lakini upo. Nesi Auma ilibidi anishike bega.

Kipimo cha malaria kikatoa jibu: anayo. "Ni malaria tu, Musawo! Asante Yesu!" Auma alipiga makofi, mume akajifuta jasho, chumba kizima kikapumua. Tukamtundikia dawa. Baada ya muda Apio akauchukua mkono wangu, akauweka tumboni, na mtoto akanipiga teke.

Nilitoka nje nikalia. Na hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza.

Kwa sababu malaria ni jibu tamu. Kila mtu analitaka, na mimi kuliko wote. Lakini joto lilianza jioni ile ile ya sindano. Labda malaria ilikuwemo tangu zamani. Labda chanjo imechangia. Sijui. Nikiandika malaria peke yake kwenye taarifa ya utafiti, Jumatatu tunaendelea na mama wa pili. Nikiandika yote, kamati ya usalama itasimamisha kazi mpaka ichunguze, na mtaani watasema, mmeona? Inawezekana isifunguliwe tena. Miaka yako yote, Musawo, ifie kwangu.

Nilimwendea Apio kwanza. Nikamwambia, mbele ya mumewe na mama mkwe: huenda ni malaria, huenda ni sindano yangu, sijui. Nilingoja kutukanwa. Mama mkwe alinikazia macho. "Kidogo nakuamini," akasema. "Kidogo tu."

Kisha nikaandika taarifa. Nimeandika yote, na saa joto lilipoanza. Mahali pa jina la mtafiti mkuu, kompyuta bado inaweka jina lako yenyewe. Siku zote nilikuwa naliacha. Leo nimelifuta herufi moja moja, nikaandika langu, kwa sababu likija la kuja lisikufuate kaburini. Nimeituma. Simu ya kwanza imeshaita, nimeambiwa tusimame.

Nakuahidi hivi: Jumatatu nitakwenda Lumino mwenyewe, kabla maneno hayajafika, niwaambie akina mama kwamba tumesimama na kwa nini. Wakinifukuza nitarudi tena. Na Apio sitamwacha mpaka ajifungue.

Naogopa, Musawo. Naogopa kila akigeuka kitandani. Lakini wewe lala, zamu hii nimeishika mimi.

Mwanafunzi wako,
Nabwire