Mawe ya Baba Yanaoza, Bwana Anataka Kuyatupa Ziwani

Mama Bertille, ninakuandikia kwa ukurasa wako wa mashauri, unisaidie. Wakati wa Wabeleji marehemu baba yangu alikuwa akichonga barabara ya Kirungu, akaokota mawe kumi na mawili ya manjano, ya kung'aa, yenye pembe kama visanduku, pere mumoja wa misioni akamuambia si dhahabu, ni pirite, baba akasema basi nayapenda vile vile, akaniachia mimi, na mimi ninayatunza kama mayai, kila siku ya posho, Jumamosi, kisha salongo, ile kazi ya usafi ya wote, ninayaosha kwa maji ya ziwa, ninayapaka mawese kidogo, ninayafunga na kitambaa ndani ya bwati, mukebe wa bati, lakini sasa yanatoa unga mweupe, yananuka kibiriti, kitambaa kimetoboka, jirani Marceline anasema jiwe linalooza njo ulozi, na bwana yangu Hippolyte ameapa siku ya Pentekoste, kisha misa, atayatupa ziwani mbele ya kikundi cha sala, moja tu njo zima, lile nililolisahau juu ya kichanja cha samaki jikoni, hata kuliosha sijaliosha, je, Mama, baba yangu alikuwa mulozi?

Christiane, Kalemie

Christiane, mutoto wangu, pole. Sasa futa machozi nikugombeze. Wewe muke wa ziwani, umeanika ndagala tangu utoto, hujui kintu kikifungwa kibichi kinaoza? Jibu umeliandika kwa mukono wako mwenyewe! Ndani ya pirite mna chuma na kibiriti, maji yakiingia, jiwe linajila lenyewe. Mutu gani anaogesha chuma kila juma? Baba yako hana kosa. Kosa ni usafi wako.

Kuanzia leo maji marufuku, na mawese vilevile. Pangusa unga kwa burashi kavu, kisha unawe mikono, maana unachoma. Anika mawe juani, uyarudishe ndani ya bwati yenye kufunga vizuri, pamoja na muchele uliokaangwa mukavu, uliofungwa katika kitambaa, unyonye unyevu. Kila mwezi uukaange tena. Yaliyooza sana yatenge, hayaponi. Na Pentekoste usijifiche: weka jiwe zima kando ya bovu mbele ya kikundi chote, umuulize Hippolyte kama yeye anafunga ndagala mbichi ndani ya gunia.

Mama Bertille, nimeshinda! Kikundi chote kilicheka, hata Marceline. Mawe mawili yamekufa, kumi yanawaka. Jana nimemukuta Hippolyte jikoni anakaanga muchele, nikamuuliza, "Njaa imekushika?"

"Hapana," akasema. "Mwezi umeisha. Ni wa mawe ya baba mukwe."

Christiane