Tangazo la Mahakama Katika Duka la Vitenge

Jumatatu, 3 Machi
Nimewaandikia watu barua mbili za maombi mezani pangu Msimbazi, ndiyo kazi yangu, kisha nikalitafuta duka letu kwa simu, kama kila asubuhi: vitenge jumla Kariakoo. Hatumo. Ukurasa wa pili, hatumo. Wa tano, hatumo.

Dada Ndeshi, mwenye duka, aliondolewa kwenye fremu ya chini, chumba cha biashara alichopanga, sasa yuko ghorofa ya nne. Mteja wa mkoani hapandi ngazi asizozijua. Mkataba mpya wa pango sharti usainiwe kabla ya Pasaka. Akikosa wateja hatasaini. Atafunga duka na kurudi nyumbani Machame. Tovuti niliijenga mimi, kwa kujifunza peke yangu. Shauri hili ni langu.

Jumatano, 5 Machi
Chanzo nimekipata. Katika mipangilio ya tovuti pana tiki inayoizuia mitambo ya utafutaji isiingie. Niliiweka wakati wa ujenzi, ili kazi isiyokamilika isionwe. Sikuiondoa. Nimeiondoa leo, nikaiwasilishia mitambo hiyo orodha ya kurasa zote. Dada sijamwambia.

Jumanne, 11 Machi
Tumo! Kichwa chetu kinasomeka kwa buluu: "YAH: TAARIFA RASMI KWA WATEJA WETU WAHESHIMIWA KUHUSU…" Kurasa zetu zote zina kichwa hicho hicho. Andiko rasmi lisilo na Yah ni mgeni aliyeingia bila hodi. Hakuna muuzaji mwingine Kariakoo aliyejitambulisha kwa heshima namna hii. Nimeona fahari.

Jumatatu, 17 Machi
Tunaonekana, hatufunguliwi. Nimepunguza uzito wa picha ili kurasa zifunguke upesi. Nimerekebisha viungo vilivyokatika. Hakuna simu hata moja.

Dada, mbele ya majirani: "Mwandishi, hao wateja wako wa mtandaoni wanapanda kwa lifti gani? Maana ngazini sijawaona." Wamecheka. Nimeumia.

Ijumaa, 21 Machi
Nimemsindikiza dada kununua uzi. Njiani tumekutana na Mama Zawadi wa Songea, mteja wake wa miaka mingi.

"Ndeshi! Si nimekutafuta kwenye simu mpaka nimechoka! Naandika vitenge, linakuja tangazo la mahakama."

"Mahakama gani tena, mama?"

"Nijuaje? Yah, taarifa rasmi. Nikasema maskini, huyu kashapigwa mnada. Nikapita zangu haraka, nisije nikaitwa shahidi."

Dada alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akanitazama, akaacha kucheka.

Jumamosi, 22 Machi
Nimemwomba dada anieleze wateja huulizaje wanapofika dukani. Hakunikejeli. Alisema, niliandika. Kila ukurasa sasa una kichwa chake: "Vitenge vya jumla Kariakoo, ghorofa ya nne." "Vitenge vya sare za harusi." "Vitenge vya kipaimara, bei ya jumla." Salamu za utangulizi nimezifuta zote. Nimechukia kila neno nililoliweka. Ni maneno ya kupigia kelele barabarani.

Alhamisi, 3 Aprili
Vichwa vya zamani vingali vinaonekana. Mtambo hurudi kusoma kwa wakati wake. Nimeomba tovuti isomwe upya, hakuna jibu. Hapana karani wa kumwona wala mkubwa wa kumkatia rufaa. Maisha yangu yote nimewaandikia wenye mamlaka, na huyu hasomi barua.

Mwenye fremu anataka jibu Jumamosi ya wiki ijayo. Dada ameuliza nauli ya lori la Moshi, njia ya Machame. Nina hofu.

Jumatano, 9 Aprili
Vichwa vimebadilika. Simu tatu kabla ya adhuhuri: Mtwara, Ifakara, Tabora. Alasiri amepanda mama mmoja anahema, simu mkononi: "Ndiyo hapa penye sare za harusi? Jamani, ngazi zenu!" Dada akampa kiti na maji. Mimi nilijifanya nakunja vitambaa.

Jumamosi, 12 Aprili
Dada amesaini. Si mwaka. Miezi mitatu. Alisema imani yake inaishia hapo, nami sikumshawishi.

Jioni tumefungua marobota aliyokwisha kuyafunga kwa safari. Moja ameliacha na kamba zake, akalisukuma nyuma ya mlango.

Linasubiri miezi mitatu iishe.