Safari ya Theluji Ambayo Hatukwenda

Xiaobei, Guangzhou

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, na magoti yamekupa nafuu kidogo tangu mvua zianze. Ile dawa ya kuchua aliyokuletea mdogo wangu Mwanaidi inasaidia, au umeigawa tena kwa majirani? Na yule mbuzi aliyekataa kula, amepona au mmeshamchinja? Sisi huku tu hai, na neno hilo nimeliandika baada ya kulifikiri. Salma leo ni mzima. Nimelitanguliza hilo usije ukasoma kurasa zote hizi roho ikiwa juu.

Barua nimempa mama mmoja wa Tabora anayerudi na mzigo wake, akufikishie mkononi. Kwenye simu nisingeweza. Wewe nikikupigia unaweka sauti kubwa ili nyumba nzima inisalimie, na haya si ya kusikilizwa na nyumba nzima.

Unakumbuka nilikwambia kwamba mwaka mpya wa Wachina ungetukuta safarini? Ulicheka ukasema tangu lini mtu wa Nzega akaenda kuitafuta baridi kwa miguu yake. Wazo lilianzia kwa Lin, dada wa Kichina anayesoma na Baba Salma chuoni. Kwao ni kaskazini ya mbali, huko ambako mito huganda watu wakapita juu yake. Karibu na nyumba ya wazazi wake pana mlima. Watu hufunga mbao nyembamba miguuni wakateremka juu ya theluji wakiteleza, wakubwa kwa wadogo. Lin alimwonyesha Salma picha yake ya utotoni, amesimama juu ya mbao hizo, mashavu mekundu kama nyanya. Wazazi wake wakatuma salamu kwamba twende wote watatu, kitanda kipo na chakula kipo, na wao hawajapata kumwona mtoto wa Kiafrika akicheka nyumbani kwao.

Basi mama, nyumba ikawa haina habari nyingine. Tulibishana kama twende kwa treni au kwa ndege, Salma akachagua treni ili aone theluji inapoanzia. Tulibishana atakula nini huko, maana unajua anavyochagua chakula. Nilikwenda naye Zhanqian, kwenye yale maduka ya jumla ninakonunulia wateja wangu nguo, kumtafutia koti la manyoya ya bata. Mwenye duka, laoban kama wanavyoitwa hapa, aliponiona nimeshika koti moja akapunga mkono: "Meiyou, meiyou!" Yaani hakuna, moja haiuzwi, chukua robota zima. Lakini Salma alikuwa ameshalivaa. Kofia imemfunika macho, mikono imepotea ndani, anazunguka kama kuku aliyefunikwa kitenge. Yule mama akacheka mpaka akakaa juu ya mizigo, akatuuzia hilo moja.

Huku kwetu kusini hakuna baridi ya kusema. Salma alilivaa koti lile sebuleni, jasho linamtoka. Hamisi baba yake akakata vipande virefu vya maboksi yangu ya mzigo, akavifunga miguuni mwa mtoto kwa gundi ya karatasi, akaegemeza godoro kwenye kochi likawa mlima. Salma anapanda, anateremka, anaanguka, anapanda tena. Hamisi naye ananiita jikoni: "Mama Salma, njoo umwone bingwa!" Mama, tangu tuje nchi hii sijapata kumwona mume wangu akicheka namna ile.

Lin ndiye aliyeshauri tumzoeze kwanza. Nje ya mji pana jumba kubwa la theluji ya kutengenezwa na mashine. Ndani ni baridi kali, nje watu wamevaa kandambili. Tukaenda Jumamosi moja. Salma hakulala vizuri kwa furaha, asubuhi akakataa uji, akakataa hata maji, anataka twende tu.

Alipoingia mle ndani alichuchumaa. Aliokota theluji akainusa. Akasema, "Mama, haina harufu." Mwalimu wao, msichana mchangamfu, alimfunga mbao miguuni, akamshika kiunoni, anamwambia polepole, polepole. Mara ya kwanza alianguka. Mara ya pili alianguka. Kisha akateremka peke yake kipande kile chote cha watoto, mikono ameitanua, akasimama chini bila kuanguka, akageuka kututafuta kwa macho. Ninaiona sura ile hata ninapoandika.

Tulipokuwa tunajiandaa kwenda kula akasema, "Mama, miguu inaniuma."

Nikadhani ni viatu, maana vile viatu vyao ni vigumu kama jiwe. Nikavivua. Akasema bado. Akasema na mikono. Kisha mama, mtoto akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, si cha deko wala cha kuanguka. Ukimgusa analia, ukimwacha analia. Hamisi akambeba ndani ya lile koti akatoka mbio mpaka barabarani, na Lin amekwishasimamisha teksi.

Hospitali walimpa dawa ya maumivu na maji ya mshipani. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimpima damu, akarudi, akapima tena. Jimbo hili, alisema, lina ugonjwa wao wa damu wa kurithi, kwa hiyo vipimo vya namna hiyo wanavyo. Akatuita pembeni. Hamisi ndiye anayejua Kichina sawasawa, akawa ananitafsiria, halafu katikati ya sentensi akaacha. Nikamwambia, "Amesemaje?" Nikamshika mkono, "Baba Salma, amesemaje?"

"Selimundu," akasema.

Chembe za damu za Salma hujikunja kama mundu, mama. Mtoto akipigwa na baridi au akikosa maji zinakwama ndani ya mishipa, na pale zilipokwama ndipo panapouma. Zile homa zake zote ulizomlea nazo, vidole vilivyovimba alipokuwa ananyonya, tukaambiwa ni malaria, tukaambiwa ni kukua, ilikuwa hiyo.

Daktari akasema ugonjwa huu mtoto haupati mpaka arithi upande mmoja kwa baba na upande mmoja kwa mama, na mtu aliyebeba upande mmoja tu anaweza kuishi miaka yote asijue. Hamisi akasema, "Kwetu hakuna kitu hicho." Akalisema kwa Kichina, kisha akanigeukia akalisema kwa Kiswahili. Mama, pale nilijiona nimesimama peke yangu katika nchi ya watu.

Siku zilizofuata hatukusemeshana ila juu ya dawa. Kisha kifua cha Salma kikaharibika. Akawekewa hewa, akaongezewa damu. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Mama Bea, yule Mkongo wa Lubumbashi tunayepanga naye jengo moja, alifunga duka lake akaja na uji kwenye chupa. "Mutoto iko namna gani, ma chérie?" aliniuliza, nami nikamwelekeza kwa macho kitandani. Hakuniuliza tena. Alikaa kando yangu akanishika mguu kwa mkono wake mzito mpaka nikala.

Daktari alikuwa ametupima damu na sisi wazazi, na majibu ya Hamisi yalitoka wakati mtoto bado amewekewa hewa. Naye amebeba upande mmoja, kama mimi. Nilimkuta kwenye ngazi za nyuma, amejiinamia, mabega yanatikisika. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpiga nayo, mama, na nilikuwa nayo mengi. Nikakaa tu. Akasema, "Nisamehe." Nikamwambia twende kwa mtoto.

Salma alipopata nguvu ya kusema, neno lake la kwanza kwa baba yake lilikuwa, "Treni imeshaondoka?"

Hamisi akasema, "Imeshaondoka, mama."

Akageuza uso ukutani. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Sasa tumerudi nyumbani. Anameza dawa kila siku, anakunywa maji mengi, na homa ikipanda hata kidogo hatungoji, tunakwenda. Mlima hapana, theluji hapana, hata bwawa la kuogelea lenye maji baridi hapana. Lin alikuja akalia mlangoni, anasema yeye ndiye aliyeleta maradhi. Nikamwambia maradhi tulikuja nayo wenyewe, yeye ameyafichua tu. Koti tulimpa binti wa ndugu yake Lin. Salma alilikunja mwenyewe akamkabidhi, akarudi kwenye katuni zake. Kuhusu mtoto wa pili, mimi na Hamisi hatuzungumzi. Mama mkwe akiuliza kwenye simu, Hamisi anasema mtandao mbaya. Masomo yake yakiisha tutarudi nyumbani, na daktari amenihakikishia kwamba dawa hizi kwetu zipo.

Lakini mama, lililonifanya nishike kalamu ni swali moja la yule daktari. Aliniuliza kama nina ndugu aliyekufa mdogo. Nikasema ninaye, kaka yangu Juma. Akauliza alikuwa anaumwa nini. Nikamwambia ninayoyakumbuka: kwamba macho yake yalikuwa ya manjano, kwamba msimu wa kipupwe wewe ulikuwa ukimchua miguu, yeye analia na wewe unalia, kwamba mwisho alishindwa kupumua. Daktari hakuandika chochote. Aliniangalia tu akatikisa kichwa, nami nikaelewa.

Nilikuwa mdogo siku ya matanga, lakini nilikuwapo. Nilimsikia Shangazi Mwamvua akisimama katikati ya watu akikwambia umemla mtoto wa kaka yake. Niliona baba akitazama chini asiseme neno. Nilikushika kanga wakati tunatoka pale kwenda kwa mjomba, na miaka yote hii sijakusikia ukijitetea. Labda na wewe ulianza kuamini kwamba kuna kitu ulikosea, chakula fulani, usiku fulani ulichelewa kuamka. Hakuna, mama. Juma alikuwa na damu aliyo nayo Salma. Upande mmoja ulitoka kwako na upande mwingine ulitoka kwa marehemu baba, Mungu amrehemu, sawa kwa sawa, na hakuna kati yenu aliyejua. Ulimchua, ulimbeba, ulimkesha. Daktari mwenye mashine zake zote asingekuwa na mikono zaidi ya ile yako.

Mwambie Mwanaidi asifunge ndoa mpaka yeye na mchumba wake wapime, wote wawili. Akinuna, msomee barua hii. Akikataa, nipigie mimi.

Msalimie mjomba aliyetupokea, mwambie Salma bado anamwita babu wa ng'ombe. Msalimie bibi mzaa baba kama bado anasikia. Jirani yako wa chapati naye mpe salamu, kitenge chake kimo katika mzigo huu huu. Hamisi anakuamkia, anasema anaona haya kukupigia lakini atakupigia. Salma amenituma nikwambie kwamba aliteremka bila kuanguka, na kwamba usimwambie mtu mwingine, atakuja kusimulia mwenyewe.

Na Shangazi Mwamvua msalimie vizuri, kwa heshima zote, kama ambavyo umekuwa ukifanya. Usimwambie lolote. Alilisema lile mbele ya ukoo mzima. Nikija nitaomba ukoo ukae, na wewe utakaa mbele, nami nitalijibu.

Mimi mwanao,
Zawadi