Regulata Unayotaka Kununua Huko Muscat

Kaka yangu Twaha,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema umepata kazi ya kuwashusha watalii baharini huko Muscat, unataka regulata yako mwenyewe ya kupumulia hewa ya mtungi huko chini, na hujui uchukue ipi. Unaniuliza mie kwa sababu, kwa maneno yako, "we ndo fundi wetu." Mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa mlangoni, ukaniuliza kwa nini sikukupigia simu mama alipozidiwa.

Yote mawili nitakujibu. Nakala ya barua hii nimeibandika ukutani kwenye karakana yetu hapa Temeke, maana wapiga mbizi wanaoniletea vifaa vyao hunilalamikia kwamba nina ukali. Wasome wajue ukali huo umetoka wapi.

Tuanze na kununua. Unaikumbuka ile ya kwanza? Tulikwenda Mikocheni, kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha kupiga mbizi, naye anafunga duka arudi kwao. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne. Nikashika iliyong'aa kuliko zote, ukaninyang'anya.

"Unachagua bangili, Ruki?"

Ukachukua nyeusi iliyochubuka pembeni. Ukaufunika kwa kifuniko chake ule upande unaofungwa kwenye mtungi, kipande cha mdomoni ukakitia mdomoni, ukavuta. Haikuingia hata pumzi moja. Ukanipa na mie nikavuta mpaka mashavu yakabonyea.

"Umeona? Ikikupa hewa sasa hivi, haina mtungi, ujue kiwambo, ule mpira mwembamba wa ndani, kimechanika. Huko chini itakupa maji."

Kisha ukamuuliza yule mzungu vipuri vyake vinapatikana wapi hapa Dar, na ukaziacha mbili nzuri kwa sababu vyake mpaka viagizwe Ulaya. Nilikupenda sana siku ile, kaka. Baba alikuwa ameshatangulia, na nilidhani nimemwona mtu atakayekuwa makini kwa niaba yetu sote.

Kwa hiyo ushauri wa kununua unao tayari, ulinipa wewe. Sie tulikuwa tunakwangua matumbo ya meli na matishari kwenye maji ya bandari yaliyojaa matope, ndiyo maana ulitaka zile ambazo vichwa vyake vimezibwa, matope hayaingii ndani. Huko kwenye maji safi nyingi zitakufaa. Chukua ambayo fundi wa karibu anaijua. Chukua yenye mpira wa kung'ata usiokuumiza taya. Kuchagua ni kazi ya asubuhi moja. Kutunza ndiko kulikokushinda.

Ulinifundisha hayo pia. Ukitoka majini, kifuniko ukikaushe kwa taulo kavu kabla hujakirudisha, kwa sababu tone moja la chumvi likiingia kwenye chujio linaanza kula shaba. Uiloweke kwenye maji baridi, na usikibonyeze kitufe cha mbele ikiwa humo, maana unayafungulia maji njia ya kuingia kwenye mpira. Uianike kivulini. Sevisi kila mwaka, na kwa maji yetu, kila baada ya miezi sita. Siku ya kwanza niliyoacha kifuniko wazi ulinipiga kofi la mgongo na kuniambia, "Hapa umemwua mtu, ila bado hajafa." Sikuchukia. Nilijua una haki.

Idi ulimleta wewe. Rafiki yako, mpiga mbizi mwenzio, ukaniozesha kwa furaha kuliko hata mama. Tukahamia Bunju, lakini vifaa vilibaki Temeke kwa mama, jirani na bandari, na mie nikawa nakuja kufanya sevisi zote. Nilipojifungua Mariamu nikashindwa kusafiri. Ukasema niachie, utazifanya mwenyewe. Vifaa vya kubadilisha nilishaviagiza, viwambo, oringi za mpira, machujio, kila regulata na pakiti yake. Nikakukabidhi ukavitia kwenye droo.

Mariamu alipotimiza miezi miwili tulimleta kwa bibi yake. Ulikuwepo, unakula maandazi ukumbini. Idi akakuambia, "Shemeji, ile yangu inavuta nzito."

"Punguza sigara," ukamjibu. "Mie nimeifanyia sevisi mwenyewe."

Nikakuuliza, "Kiwambo umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

"Na chujio?"

"Ruki, lea mtoto."

Watu wakacheka. Idi alicheka. Na mie nilicheka, kaka, na hiyo ndiyo sehemu yangu katika jambo hili. Karakana ilikuwa hatua kumi kutoka pale nilipokaa, nami sikuinuka.

Siku ya nne Idi alishuka chini ya tishari. Wewe ulikuwa juu umeshika kamba. Kamba ilipotikisika ulivuta, na waliokuwepo walisema ulivuta mpaka viganja vikachunika. Kwa hilo sikulaumu na sitakulaumu. Alipofika juu alikuwa ameshameza maji. Daktari akaandika kwamba amezama.

Nililetwa kukaa eda kwa mama, chumba kilichopakana na karakana. Wageni walikuwa wakija, nawe unawapokea barazani, na mie nyuma ya pazia nasikia kila neno. "Alipaniki," uliwaambia. "Idi alikuwa mzuri, ila akipaniki hasikii." Ulilisema hilo kwa majirani, kwa ndugu zake waliotoka Tanga, kwa imamu. Mama yake Idi alitoka kwetu akiamini mwanawe amekufa kwa woga wake mwenyewe.

Wiki ya tatu polisi wakarudisha vifaa vyake kwenye kiroba. Mtoto alipolala nikaingia karakana, nikaifungua regulata yake. Nataka uyasome haya taratibu. Chujio lilikuwa kijani na kahawia, limeshikana kama ukoko wa chungu. Kwenye kipande cha mdomoni kiwambo kilikuwa kilekile nilichokiweka mie mwaka uliopita, kimepasuka ukingoni, ufa wa urefu wa kucha. Akiwa ametulia kingempa hewa. Akifanya kazi, akihitaji pumzi kubwa, kingempa kidogo, na kidogo hicho kimechanganyika na maji. Kipande cha mdomoni cha akiba nacho kinakula hewa kupitia chujio hilohilo.

Nikafungua droo. Pakiti zote zilikuwemo, zimefungwa. Kwenye daftari la sevisi umeandika, kwa mwandiko wako mzuri, kwamba umebadilisha kila kitu, tarehe ileile uliyokwenda harusini Mbagala. Ni kazi ya saa moja na nusu. Ungeweza kuimaliza ukaoga na ukawahi pilau.

Sikupiga kelele. Nilisubiri arobaini. Wageni walipoondoka, nikairudishia regulata yote kama ilivyokuwa, uchafu wake na ufa wake, nikaifunga kwenye mtungi uliojaa na kuiweka mezani uani. Walikuwepo mama na baba mdogo.

"Kaka," nikakuambia, "pumua mara kumi. Hapahapa, nchi kavu."

Uliichukua. Ukaifikisha midomoni, ukaishusha. "Ina chumvi," ukasema.

Mama akakugeukia. "Twaha, mume wa mdogo wako alivuta hicho kitu chini ya maji. Wewe hapa uani kinakushinda?"

Baba mdogo akainamisha kichwa. Ukaiweka mezani, ukatoka nje, na mwezi haukwisha ukawa Muscat.

Jambo ambalo hujui ni hili: pale uani ingekupa hewa. Nzito, lakini ingekuja. Ungepumua mara kumi ukaniumbua mbele ya wazee, na pengine wote wangeamini kwamba Idi alipaniki. Nilijua hivyo wakati naifunga. Sikuwa naijaribu regulata.

Mama yake Idi nilimfuata Tanga eda ilipokwisha, nikamwonyesha kile kiwambo. Alikielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia, akaniomba nisimletee tena kitu kama hicho. Tangu siku hiyo hakulitaja jina lako.

Sasa swali lako la pili.

Mama alipata kiharusi, akaishi siku tatu. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja lakini akili alikuwa nayo, na kila alipoamka alisema, "Mpigieni Twaha." Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, simu mkononi. Nikamwambia hupatikani. Siku ya pili nikamwambia hupatikani. Wakati namwambia ulikuwa hewani, umeweka picha zako ukiwa ufukweni na miwani.

Baba mdogo alitaka kukupigia kwa simu yake. Nikamwambia nimeshakupigia, umesema utakuja. Alipokupigia mwenyewe tulikuwa tumesharudi kutoka makaburini.

Siku ya tatu mama hakuomba simu tena. Alinishika mkono, akasema polepole ili nimwelewe, "Mwambie radhi yangu anayo. Nimemsamehe. Asije akakaa nalo moyoni." Akanitaka nimwahidi nitakuambia, nami nikaahidi.

Ni miezi mitano sasa. Najua huko ulikuwa unajiuliza kama mama amekufa amekukasirikia, baba mdogo alinieleza ulivyolia kwenye simu. Nilikuwa na jibu lako muda wote huo. Nilikuwa nalala nalo, naamka nalo, nafungua karakana, nabadilisha viwambo vya watu, na jibu lako ninalo.

Ahadi ya mama nimeitimiza leo. Ungeweza kuyasikia maneno hayo kwa sauti yake, nami nilikuzuia kwa makusudi. Mwenyewe sikusamehe, na kuzeeka hakutanibadilisha.

Wavishe watalii wako vifaa vizuri. Usirudi Temeke kwa ajili yangu.

Mdogo wako, mjane wa Idi,
Rukia