Damu ya Nguruwe wa Mama

Mikumi,
11 Mei 2025.
Ni miaka miwili na miezi mitatu tangu niondoke Lumuma.

Mpendwa Shangazi Domina,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na hapo kijijini Ulaya mahindi yamekubali? Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka. Kutwa nazoa mavi na kuosha mabanda kwenye kituo cha utafiti wa nguruwe.

Shangazi, nimemwona nguruwe wa mama, yule jike pekee aliyepona homa ilipomaliza banda letu. Unakumbuka jirani yetu Lucas, wa kamati ya mifugo, alivyokuja akasema, "Mama Evance, huyu naye anao ugonjwa, nipe nikamfukie." Hakumfukia! Kamleta hapa kwa gari, anadai kazaliwa bandani kwake. Sikio lile lililoraruliwa na mbwa nimelishika mwenyewe.

Daktari Yunis, mkubwa wetu hapa, anasema kwenye damu kuna vitu vidogo vinavyopiga mbiu ugonjwa ukiingia, ili mwili upigane. Wanachunguza kama nguruwe waliopona wamerithi mbiu ya namna nyingine. Bado hawajajua, lakini Lucas tayari anajiita mfugaji wa mbegu bora.

Aliponiona na toroli alicheka. "Evance, bado unazoa mavi? Zoa vizuri, hayo ni ya nguruwe wangu." Nikajibu, "Sawa, mzee." Koleo lilikuwa mkononi, Mungu alinizuia.

Na ndiye aliyetangaza kanisani kwamba ugonjwa uliletwa na mama. Mpaka leo mama anakaa benchi la nyuma peke yake.

Nimemweleza daktari. Kasema sikio bovu si ushahidi, ila akipata damu ya ndugu wa tumbo moja, vipimo vitaonyesha. Ndugu huyo unaye wewe, yule uliyepewa na mama akiwa kitoto cha nguruwe. Nakuomba usimchinje, hata kwa harusi ya binti yako Rebeka. Pikeni mbuzi. Watu wa daktari watakuja mwisho wa mwezi kumtoa damu kidogo. Mfungie, asizurure.

Lucas asiniombe radhi, siitaki. Siku ya Mavuno atasimamishwa kanisani apongezwe kwa huyo nguruwe. Majibu yakiwa upande wetu, nitayasema hapo hapo, kabla hajaketi, na mama nitakuwa nimemkalisha benchi la mbele.

Wasalimie mzee Nikolaus, Rebeka na Meshaki. Mungu awalinde nyote, na huyo nguruwe wako amlinde zaidi.

Natarajia kufika Lumuma Julai, Jumamosi ya kuamkia Mavuno. Usimwambie mtu.

Mwanao akupendaye sana,
Evance