Mashua ya Kijani Chini ya Ukuta wa Kanisa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hendrikje Looijen
Umri: Miaka 61
Kazi: Mwendesha daraja la kuinuka
Makazi: Delft, juu ya duka la jibini

Nimeitwa kueleza kama mnamo Jumanne, tarehe 14 Mei, asubuhi ambayo shaba ya paa la kanisa iliibwa, niliiona mashua ya Jelmer, mtoto wa kaka yangu, imefungwa chini ya ukuta wa kanisa. Jelmer yuko mahabusu kwa sababu mashua hiyo imo kwenye picha ya mji ambayo Bwana Roelof Stavast alikuwa akiichora siku hiyo, kando ya kibanda changu cha darajani.

Nilifika kazini saa kumi na mbili asubuhi. Bwana Roelof alikuwa ameshaingiza kichwa ndani ya kisanduku chake cheusi chenye kioo, kinachomwonyesha mji miguu juu.

"Huko kichwa chini wameamkaje?" nilimwuliza.

"Wanaomba kahawa," akasema.

Alichanganya mchanga kwenye rangi nyekundu ili vigae vikamate mwanga. Kisha akadondosha nukta nyeupe ubavuni mwa mashua, mbao zikalowa. Nilijikuta napangusa mkono kwenye koti, na sikuwa nimegusa kitu.

Mashua ile naiona hata sasa. Ya kijani, kamba imelegea, kivuli chake kimefika katikati ya maji. Ningeapa.

Jelmer alipokamatwa nilimwuliza Bwana Roelof kama Jumanne ile mashua ilikuwepo.

"Mama, pale palikuwa peupe mno. Palitaka kitu cheusi cheusi."

"Nakuuliza ilikuwepo?"

"Kuna siku ilikuwepo. Picha hii ina mwezi mzima ndani yake."

"Na mnara mbona uko kushoto?"

"Nimeusogeza. Ulikaa vibaya."

Umekaa vibaya miaka mia nne, hakuna aliyetuambia.

Nilimtembelea Jelmer mahabusu. Akasema, "Shangazi, si useme tu hukuiona?" Nikamjibu siwezi kusema sikuiona na huku naiona. Alinitazama kana kwamba funguo ninazo mimi. Sikulala vizuri.

Jana nilikaa kwenye kiti changu nikatazama upande wa kanisa. Ukuta hauonekani. Kuna mti mkubwa, matawi yameinamia maji, na umekuwepo tangu nianze kazi. Kwenye picha haupo. Bwana Roelof anasema aliung'oa kwa brashi, halafu siku nyingine akaenda kutazama kilicho nyuma yake.

Basi nilichokiona mimi kilikuwa rangi. Ama sivyo niliacha daraja nikaenda nyuma ya mti, na daraja haliachwi.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na nimeyasema jinsi yalivyonichanganya. Nimesomewa, nimekubali.

Sahihi: H. Looijen

Maelezo ya ofisa: Nimekaa mwenyewe kwenye kiti cha shahidi. Mti upo, ukuta hauonekani. Napendekeza mtuhumiwa aachiwe leo. Naomba pia picha iondolewe hapa kituoni, kwani askari wawili wa zamu wameanza kusema mashua hiyo wanaikumbuka.

Sajini M. Terpstra